Ukitaka Baiskeli ya Gia

Huenda wewe ni mkulima wa korosho au ufuta. Huenda ni mchuuzi wa samaki, au mama mwenye genge la mboga. Unakaa Rasbura, au Mtanda, au Ng'apa, au Mbanja. Kila siku una mzigo wa kupeleka mahali. Kila siku unatembea kwa miguu, au unatoa nauli ya bodaboda.

Sasa umeiona baiskeli ya gia mjini Lindi. Tairi zake ni nene. Rangi yake inang'aa. Moyo umeipenda. Je, uinunue? Na ukiinunua, utaimudu?

Kabla hujatoa fedha yako, chukua kalamu na daftari. Maana baiskeli hii inataka mtu anayejua kusoma na kuhesabu, na wewe sasa unajua.

Baiskeli hii ilitoka wapi?

Wazee wetu walizijua baiskeli za namna nyingine. Walijua Raleigh kutoka Uingereza, na Phoenix kutoka China. Walijua pia Swala, iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam. Zote zilikuwa ndefu, nzito na ngumu. Zilikuwa na mwendo mmoja tu.

Baiskeli ya gia yenye tairi nene ni changa kwa hizo. Katika miaka ya 1970 vijana wa jimbo la California, Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu zenye tairi nene na kushuka nazo mlima uitwao Tamalpais. Baadaye wakazitia gia ili waweze na kupanda. Miongoni mwao walikuwapo Gary Fisher, Joe Breeze na Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli za namna hiyo kwa wingi.

Wao walitafuta mlima wa kuchezea. Sisi tuna mlima wa kupandisha mzigo. Ndiyo maana si kila kilicho kizuri kwao ni kizuri kwetu.

Nyingi zinazotufikia ni mitumba. Nyingine ni mpya, nazo ni za bei rahisi. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe katika mto Rufiji mwaka 2003, malori hayangoji tena pantoni, na vitu vya Dar es Salaam hufika kwetu kwa urahisi zaidi. Vizuri vinafika, na vibovu pia vinafika.

Gia ni nini?

Tazama gurudumu la meno lililo kwenye pedali. Hesabu meno yake. Tuseme ni 42. Sasa tazama gurudumu dogo la meno la nyuma. Tuseme lina meno 14. Gawanya:

42 ÷ 14 = 3

Maana yake, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara tatu. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja linakwenda kama mita mbili. Basi kwa mzunguko mmoja wa pedali umekwenda kama mita sita. Hapo uko kwenye lami, na barabara ni tambarare.

Sasa umefika kwenye mchanga, au kwenye kilima, na una tenga la samaki nyuma. Hamisha mnyororo. Uweke mbele kwenye meno 28, na nyuma kwenye meno 28. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Umekwenda mita mbili tu. Lakini mguu ni mwepesi, na hukushuka.

Gia haikupi nguvu mpya. Inaigawa nguvu uliyo nayo.

Muuzaji atakuambia, "Hii ina gia 18." Amezidisha mbele 3 kwa nyuma 6. Usitishwe na namba hiyo. Meno 42 kwa 21 ni sawa na meno 28 kwa 14. Yote mawili ni mara mbili. Gia nyingine zinarudia kazi ileile. Anayekwambia 21 anakuuzia namba. Wewe tafuta mbili: moja nyepesi ya kupandia, na moja ya kwendea tambarare. Zilizobaki ni ziada.

Je, ni ya kukufaa wewe?

Hapa nitasema nionavyo mimi. Mtu wa kubeba magunia, matofali au kuni nyingi, na njia yake ni tambarare, aitafute Phoenix au ya namna hiyo. Fremu yake inavumilia, keria yake ni ya chuma, na kila fundi anaijua. Mtu wa mzigo wa kadiri, mwenye njia ya mchanga na vilima, huyo ndiye wa baiskeli ya gia.

Lakini usinunue ile yenye springi katikati ya fremu. Inapendeza kuitazama. Ukiweka mzigo nyuma inanesa kama kitanda cha kamba kilicholegea. Nguvu ya miguu inaishia kwenye springi. Na viungo vyake vikichakaa, baiskeli yote inayumba. Springi za mbele zinavumilika, ingawa za bei rahisi hukaza kwa kutu mapema. Uma wa chuma mtupu ndio bora kwetu.

Kwa akina mama, iko baiskeli ya mtumba yenye fremu ya chini na kikapu mbele. Ina kinga ya mnyororo. Usiidharau kinga hiyo. Kanga au baibui likiingia kwenye mnyororo, utaanguka, na nguo itachanika. Kama baiskeli uliyoipenda haina kinga, fundi anaweza kukufungia ya bati.

Hesabu ya fedha

Bei zinabadilika kila msimu, na kila duka lina bei yake. Kwa hiyo namba ninazoandika hapa ni za kujifunzia tu. Wewe nenda dukani, uliza, kisha andika zako.

Watu wengi huhesabu bei ya baiskeli peke yake. Hapo ndipo wanapokwama. Baiskeli haiendi bila vifaa vyake. Tuseme hivi:

Baiskeli ya mtumba: shilingi 180,000
Keria ya chuma: shilingi 20,000
Pampu: shilingi 10,000
Spana na bisibisi: shilingi 9,000
Kufuli na mnyororo wake: shilingi 8,000
Viraka na gundi yake: shilingi 3,000
Jumla: shilingi 230,000

Umeona? Uliyedhani unahitaji 180,000, sasa unahitaji 50,000 zaidi. Kama huna hizo 50,000, bado hujawa tayari kununua. Baiskeli isiyo na kufuli ni ya mwizi. Baiskeli isiyo na pampu ni ya kusukuma.

Tena weka akiba ya matengenezo, tuseme shilingi 5,000 kila mwezi. Raba za breki zinaisha. Waya zinakatika. Tairi linakula.

Sasa tutazame faida. Tuseme unatoa shilingi 2,000 kwa siku kwa bodaboda, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni 48,000. Toa 5,000 za matengenezo. Zinabaki 43,000. Gawanya 230,000 kwa 43,000. Utapata tano na kitu. Basi katika mwezi wa sita baiskeli imejilipa yenyewe, na nauli ya miezi inayofuata ni yako.

Lakini jirani yako anapanda bodaboda mara moja kwa wiki, yaani mara nne kwa mwezi. Anatoa 8,000. Akitoa 5,000 za matengenezo, anabakiwa na 3,000. Kwa yeye baiskeli hiyohiyo itajilipa baada ya miezi 77. Hiyo ni zaidi ya miaka sita! Huyo aendelee kupanda bodaboda, au aazime baiskeli kwa ndugu. Si aibu.

Kwa hiyo usinunue kwa sababu mwenzio amenunua. Fanya hesabu ya safari zako mwenyewe. Andika kwa mwezi mmoja kila nauli unayotoa. Usibahatishe. Wengi wetu hatujui tunatoa kiasi gani mpaka tuandike.

Fedha itapatikanaje?

Kwetu fedha huja kwa msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Korosho huanza kuuzwa mnamo mwezi wa kumi. Baiskeli inafaa inunuliwe wakati huo, fedha ikiwa mkononi. Usingoje mpaka sherehe ziimalize.

Asiye na shamba anaweza kuweka kwenye kibubu, au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Upatu nao unafaa, kama wenzako ni waaminifu. Watu 12 wakitoa shilingi 20,000 kila mwezi, anayepokea anapata 240,000. Hizo zinatosha baiskeli na vifaa vyake, na zinabaki 10,000. Lakini kumbuka kwamba ukipokea wa kwanza, una deni la miezi 11. Ukianza kukwepa, utawaharibia wenzako 11.

Iko njia moja ambayo naiogopa. Ni kangomba. Wewe unajua inavyokwenda. Mwezi wa nane huna fedha, na mikorosho inachanua. Mtu anakuja usiku. Anasema, "Chukua fedha sasa, korosho utanipa zikianguka." Tuseme anakuhesabia shilingi 1,000 kwa kilo, nawe unachukua 100,000. Msimu ukifika unampa kilo 100. Tuseme mnadani kilo hiyo imelipwa shilingi 2,000. Kumbe umetoa mali ya 200,000 kwa fedha ya 100,000! Tena hakupima kwa mizani, amepima kwa chombo chake. Na biashara hiyo imekatazwa na serikali, basi akikupunja huna pa kushitaki.

Ukinunua baiskeli kwa kangomba, umenunua baiskeli mbili na kupanda moja.

Muuzaji mwingine atakubali mali kauli. Unachukua baiskeli sasa, unalipa kidogo kidogo. Hiyo si mbaya, ila uliza kwanza: bei ya taslimu ni ngapi, na ya kulipa kidogo kidogo ni ngapi? Toa ndogo kwenye kubwa. Kinachobaki ndicho unachomlipa kwa kukungoja. Kama ni kikubwa mno, ngoja wewe.

Namba za tairi

Sasa nitakusimulia kosa langu. Baiskeli yangu ya gia ilipasuka tairi la nyuma. Nikajua kwamba gurudumu ni la inchi 26. Nikapata safari ya mbali, nikanunua tairi jipya limeandikwa 26. Nikalibeba mpaka nyumbani kwa furaha. Nikampelekea fundi.

Fundi akalitia kwenye rimu. Likacheza kama pete ya baba kwenye kidole cha mtoto.

"Fundi," nikasema, "si ni 26 kwa 26?"

"Mwanangu," akasema, "umesoma neno la kwanza tu. Hukumaliza mstari."

Alikuwa na haki. Baiskeli yangu ilitaka 26 x 1.95. Mimi nilinunua 26 x 1 3/8. Zote mbili zinaitwa 26, lakini haziingiliani hata kidogo. Ile yenye nukta ni ya baiskeli ya gia ya tairi nene. Ile yenye sehemu, yaani 3/8, ni ya baiskeli za namna nyingine, hasa zile za kikapu. Na Phoenix ndefu huvaa 28 x 1 1/2.

Ili usikosee, tafuta namba nyingine ndogo kwenye ubavu wa tairi. Ni namba mbili zenye mstari katikati, kama 50-559. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni upana wa duara la rimu inamokaa tairi, toka ukingo mpaka ukingo. Hiyo ya pili haidanganyi. Tairi nene la gia la inchi 26 ni 559. Tairi la 26 x 1 3/8 ni 590. La Phoenix la 28 x 1 1/2 ni 635. Kama namba ya pili ya tairi jipya ni sawa na ya tairi kuukuu, litaingia. Kama si sawa, hata muuzaji akiapa, usitoe fedha.

Nakushauri uende kwenye baiskeli yako leo, au ya jirani. Futa vumbi kwenye tairi. Soma. Andika namba kwenye daftari. Siku ya kwenda dukani chukua daftari hilo.

Karibu na hapo pameandikwa pia kiasi cha upepo, kwa herufi PSI. Huenda ni 40 mpaka 65. Kwenye mchanga tia upepo karibu na namba ndogo, tairi litapanuka na halitazama. Kwenye lami, au ukiwa na mzigo, tia karibu na namba kubwa. Tazama pia mdomo wa tyubu. Upo mdomo mnene kama wa tairi la gari, na upo mwembamba kama wa Phoenix. Pampu ya mmoja haishiki mwingine mpaka uwe na kiungio chake. Nunua pampu baada ya kutazama mdomo.

Kuikagua dukani

Nenda asubuhi, kuna mwanga. Nenda na fundi unayemwamini, hata ukimlipa chai. Chai ya fundi ni rahisi kuliko fremu iliyopasuka.

Anza na fremu. Tazama mahali mabomba yanapokutana, hasa chini ya usukani na karibu na pedali. Rangi iliyokunjamana au iliyopasuka kama uzi huficha ufa. Kama baiskeli ni ya mtumba na rangi ni mpya sana, jiulize ilipakwa kwa nini.

Nyanyua gurudumu, lizungushe. Kama linacheza kushoto na kulia, spoki zimelegea au rimu imepinda. Shika gurudumu kwa juu, litikise. Likigonga, gololi zimekwisha. Shika pedali zote mbili, zitikise vilevile. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli. Isiende.

Mnyororo una kipimo chake. Chukua rula ya inchi 12. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja ya mnyororo. Pini nyingine inapaswa kuangukia kwenye 12 sawasawa. Ikipita 12 kwa 1/8 ya inchi, mnyororo umenyooka, na labda umekwisha kula meno ya nyuma. Mwambie muuzaji apunguze bei ya mnyororo na ya meno. Wengi hawatarajii kuona mnunuzi mwenye rula. Utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Kisha panda. Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Kama haunyooki, pandisha kiti. Kama kiti kimefika mwisho na mguu bado umekunjika, hiyo si baiskeli yako. Hamisha gia zote, moja moja, huku unaendesha. Isiyohama dukani haitahama nyumbani.

Na swali la mwisho kwa fundi wako: "Ikiharibika hii, spea zake zipo hapa Lindi?" Akikuna kichwa, iache.

Chumvi

Sisi tunakaa pwani. Upepo wetu una chumvi, na chumvi inakula chuma. Lakini adui mkubwa wa baiskeli ya gia ni maji ya samaki.

Fikiri kidogo. Tenga la samaki liko kwenye keria. Barafu inayeyuka. Maji yenye chumvi yanadondoka. Chini ya keria kuna nini? Kuna meno ya gia, mnyororo, na kile kidude kinachohamisha mnyororo. Ni vile vitu vya ghali kabisa katika baiskeli yote. Muda si mrefu vinashika kutu, gia zinagoma, na mchuuzi anasema baiskeli za gia ni mbovu. Baiskeli haina kosa. Tumia ndoo au boksi la plastiki lisilovuja. Kama una tenga, tandika plastiki nene chini yake, ikunjwe kwenda juu pande zote.

Ukirudi sokoni, mwagia maji baridi ya kisima. Usimwage kwa nguvu penye gololi, grisi itatoka. Ikaushe. Tia mafuta ya cherehani kwenye mnyororo, tone kwa kila kiungo, kisha futa yaliyozidi kwa kitambaa. Mafuta yakibaki nje yanashika mchanga, na mchanga ni msasa. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda.

Usiku, taa mbele na kitu chekundu cha kung'aa nyuma. Kwenye barabara kuu ya Mtwara na Dar es Salaam, mabasi hayakuoni kwa huruma. Kofia ngumu ya kichwani ni nzuri kama fedha inatosha. Ila taa ndiyo ya kwanza.

Hati ya kununulia

Pindua baiskeli. Chini, pale pedali zinapopita kwenye fremu, kuna namba imegongwa kwenye chuma. Hiyo ndiyo namba ya fremu. Ikiibiwa, polisi watakuuliza namba hiyo. Ukisema tu, "Ni nyekundu, ina gia," hutasaidiwa, kwa maana nyekundu ni nyingi. Kama namba imekwanguliwa, usinunue. Huenda ni mali ya mwenzio anayelia.

Dukani dai risiti. Ukinunua kwa mtu, andikeni hati kama hii, nakala mbili:

Mimi ................, mkazi wa ................, leo tarehe ................ nimemuuzia ndugu ................ baiskeli moja, aina ................, rangi ................, namba ya fremu ................, kwa shilingi ................. Nimepokea shilingi ................. Bado shilingi ................, atamaliza kulipa tarehe .................
Sahihi ya muuzaji ................
Sahihi ya mnunuzi ................
Sahihi ya shahidi ................

Soma hati yote wewe mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Zamani wengi wetu tulitia dole gumba kwenye maneno tusiyoyajua. Kama deni limekwisha, andika sufuri mahali pa deni, usiache wazi.

Nakala yako iweke nyumbani, pamoja na vyeti vya watoto. Namba ya fremu iandike tena kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako la kisomo. Usiiweke hati kwenye mkoba wa baiskeli.